Aya Kumi na Mbili Bila Shikamoo

Nilirudi Babati na stashahada niliyojilipia mwenyewe, na kwenye kundi la mtandaoni la watu wa mtaa wetu wa Bagara hakuna aliyeniweza kwa hoja. Siku fundi mmoja mzee alipoandika, "Mvua hakuna, Yesu wenu kalala, mwamsheni," nilimshukia kwa aya kumi na mbili. Nikamsomea mama kwa fahari, huku nikichungulia simu kila dakika kama amejibu.

"Ulimwamkia?"

"Mama, huyu anamdhihaki Bwana!"

"Na wewe ukamtetea Bwana bila shikamoo?"

Nilizunguka uani, nikakaa, nikasimama tena. Mwishowe nikaandika, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu papo hapo. "Sasa niambie, huyo Yesu amekufanyia nini?"

Nikaandika, nikafuta, nikaanza upya.