Mguu wa Mvule na Kibao chenye Tundu

Miaka ile ya shida, ukiuliza sabuni madukani Bunda unaambiwa kuna kiberiti, na ukirudi kufuata kiberiti unaambiwa uje keshokutwa. Kwa hiyo taya moja ya mashine yangu ya kukereza ilipokatika, sikujisumbua kuulizia nyingine. Taya zilikuwa tatu, za chuma, kazi yao kuushika mti usiruke wakati unazunguka. Mbili zilizobaki hazikushika kitu. Karakana yangu ilikuwa Nyasura, mashine ya kukanyaga kwa mguu, na tangu siku hiyo nikawa nakereza miguu ya meza tu, kwa sababu yenyewe hubanwa kwa ncha za chuma huku na huku.

Asubuhi moja akaingia mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, mtu wa makamo, kwa magongo mawili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti, baada ya mtumbwi kumwangukia walipokuwa wakiuvuta nchi kavu. Alivuka ziwa mpaka Mwigobero, pale Musoma, kisha akapanda lori kuja kwangu.

"Fundi, unatengenezaga miguu?"

"Ya meza, kaka."

"Hiyo hiyo. Ila juu uweke shimo, niingize hiki kilichobaki."

Shimo ndilo lilikuwa tatizo. Ncha ikikaa upande wa shimo, patasi haina pa kupita. Mti lazima ushikwe upande mmoja, na mimi sikuwa na cha kuushikia. Nikamweleza yote hayo. Akasikiliza kwa makini, halafu akamwuliza mke wangu maji ya kuoga yako wapi. Nikaelewa kwamba amefika.

Siku ya kwanza niliufunga mti kwa waya kwenye sahani ya mashine, kile chuma cha duara kinachozungusha mti. Ulizunguka vizuri kwa muda mfupi, ukachomoka, ukapita mlangoni na kuangusha sufuria ya maharage jikoni.

"Mguu wenyewe umeshaanza kutembea," mke wangu akasema, akaokota maharage.

Siku ya pili nilichonga kikombe cha mti mgumu, nikakikaza kwa skrubu kwenye sahani, na ndani yake nikapigilia mwisho wa mti kwa nyundo. Upande huo ukashika. Upande wa pili, uliokuwa hewani, ukacheza kama mkia wa mbuzi. Mgeni alikuwa amekaa kwenye benchi, ananitazama.

"Kasia nalo ukilishika mwishoni tu linakusumbua," akasema. "Sisi tunalifungiaga kitanzi katikati."

Ilikuwa aibu kidogo kufundishwa kukereza na mvuvi. Kisha nikasimamisha kibao kinene, nikakitoboa tundu la mviringo, nikaupitisha mti humo na kulipaka tundu mafuta ya ng'ombe, kwa kuwa grisi haikuwepo. Kibao kilipiga kelele na kutoa harufu ya nyama choma mpaka majirani wakaja kuchungulia. Lakini mti ulitulia. Kufikia jioni shimo lilikuwa tayari, laini ndani, na mke wangu akalitandikia kipande cha blanketi.

Tuliufunga kwa mikanda ya ngozi. Mvuvi akasimama, akaanguka, akasimama. Hakushukuru wala kucheka. Aliomba tu aende chooni peke yake, bila mtu wa kumshika. Akaenda. Sisi tukabaki tunatazama ule mlango wa choo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Baadaye biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa, nami nikanunua Musoma taya mpya zinazong'aa. Mvuvi akarudi na mguu wake mkononi. Alikuwa ametumbukia ziwani, na mguu, kwa kuwa ni wa mvule mwepesi, ukaelea. Kichwa ndicho kilichozama.

"Walinivuta kwa mguu," akasema. "Wenzangu mpaka leo wanacheka. Nitengenezee mwingine mzito."

Taya mpya zilikuwa ndogo, hazikuufikia unene wa mti. Nikarudisha kikombe na kibao, nikakereza mwingine wa mti mgumu, kisha nikatoboa chini na kujaza vipande vya risasi, vile vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Akaujaribu uani, akazunguka mara mbili. Alisema sasa anajisikia mtu kamili, ila anachoka haraka.