Mpunga Uliohama Shamba

Bibi yangu Balbina alibatizwa na wamisionari wa Mahenge mwaka mmoja kabla ya Maji Maji, na tangu siku hiyo Mungu akaanza kumtunza kwa namna ambayo hata adui yake asingemtakia.

Kwanza mumewe, Theodori, alikunywa dawa, akahakikishiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, akaenda vitani kuthibitisha. Risasi hazikuwa zimepewa taarifa. Kisha askari wakafika kijijini kwao Katindiuka kuwafundisha watu utii. Walichoma maghala, nyumba, na hata banda la kuku ambao walikuwa wameshawala.

Lakini Bibi alikuwa Mndamba, na Wandamba huzamisha mitumbwi yao bwawani, wakiigandamiza kwa mawe, ili jua lisiipasue. Ndani ya mtumbwi wake uliozama alikuwa amefunga kibuyu cha mbegu ya mpunga, mdomo umezibwa kwa nta ya nyuki. Askari walichota maji ya kunywa palepale, wakaondoka wameridhika na kazi yao.

Njaa ikaingia. Mama yangu, Natalia, alikuwa na miaka mitatu na miguu imemvimba. Watu wenye huruma walimshauri Bibi aipike ile mbegu, mtoto angalau afe ameshiba. Akakataa. Akamlisha kambale na mizizi ya porini, na mvua ilipoanza akaimwaga mbegu yote shambani. Siku ya sita mto ukafurika, ukaizoa.

Bibi alisimama kwenye tope, akamwambia Mungu waziwazi kwamba uaminifu wake umemchosha na sasa akamfanyie mtu mwingine. Kisha akasali rozari, kwa hasira, maana hakuwa na mwingine wa kumlalamikia.

Maji yalipopungua, mpunga wa ndevu nyeusi, mbegu ambayo pale kijijini alikuwa nayo Bibi peke yake, ukaota kwenye shamba la Emerensiana. Bonde zima lilikuwa na watu wema, na Mungu akamchagua huyo, mjane mwenye mdomo ambaye yeye na Bibi hawakuwa wamesalimiana misimu miwili kwa sababu ya mtego wa samaki. Bibi aliona heri afe kuliko kwenda kuomba. Kufikia mavuno, Natalia alikuwa hawezi kusimama.

Siku moja Emerensiana akaja mwenyewe, tenga kichwani.

"Nusu yako," akasema. "Mimi nimefukuza ndege na kuvuna. Mbegu najua ni ya nani."

Bibi akachukua mchi, akatwanga. Wakapika uji, wakamnywesha mama yangu pamoja, mmoja ameshika kichwa, mwingine kijiko.

Nilipokua nilimwuliza Bibi kwa nini Mungu hakuiacha tu mbegu pale alipoipanda, akapunguza usumbufu. Nilijiona nina akili sana.

"Ningekula mimi na mwanangu tu," akasema. "Emerensiana alikuwa na watoto wawili, na hakuwa na hata punje ya kupanda."