Mkeka Nilioosha

Usiku wa kungoja habari za mwanangu Nukta niliupitisha nikikata vibendera vya karatasi. Lori la kambi ya jeshi lilikuwa limepinduka mchana kwenye barabara ya mpakani. Redio ikasema wapo waliokufa na wapo waliojeruhiwa, majina baadaye. Nukta alikuwa kwenye kikosi kile, na simu yake haikupatikana. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni dereva palepale kambini. Aliniambia, "Shemeji, kaa karibu na simu. Nikijua mimi, utajua na wewe."

Nikakaa. Mezani palikuwa na kazi ya shule ya jirani, vibendera vya kutundika kwenye kamba siku ya taifa, na mwalimu mkuu alikuwa avifuate saa mbili asubuhi. Ningeweza kumwambia nina msiba. Lakini sikutaka kulitamka neno hilo kabla halijaja lenyewe.

Mashine ya kukatia karatasi ni ya Nukta. Ni ndogo, inaenea juu ya stuli. Unaitumia mchoro kwa simu, na wembe wake unakimbia juu ya karatasi kama panya darini. Aliinunua alipokuwa akiuza kwenye duka la vitabu, akawa anakatia watu maua ya harusi, majina ya watoto ya kubandika ukutani, na nyota. Tulimwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo hata nesi akacheka. Ila mikono yake ilikuwa myepesi. Alitoa kipande cha katikati ya nyota kwa ncha ya pini bila kuchana ukingo. Mimi niliishia darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kupitisha uzi.

Karatasi hulazwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi inayonata kidogo, isiteleze wembe unapopita. Mkeka ule ulikuwa umejaa nyuzi na vumbi, nao ulinikera kila nilipoutazama.

"Mama, usiuguse," alikuwa akiniambia. "Ukiuosha umeuua."

Siku alipoleta barua ya jeshi tuligombana hadi majirani wakapunguza redio zao wasikie vizuri. Nilimwambia, "Baba yako hata udongo haujakauka, unataka nikuzike na wewe? Ukitoka mlango huu, usirudi." Akatoka. Hakuubamiza. Mlango wetu haubamiziki. Umevimba kwa unyevu, na kuufungua mpaka uupige teke kwa chini. Wiki ile nilifua kila kilichokuwa chake, shuka, mapazia, hata viatu. Mkeka nikausugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka ukang'aa kama sahani.

Kwa muda mrefu sikuigusa mashine. Shule ilipokuja kuulizia vibendera kama kila mwaka, nikaona haya kusema mwenye kazi nimemfukuza. Nikasema vitakuwepo.

Sasa ndio usiku ule, na karatasi zinateleza. Wembe unapita, karatasi inajikunja, nyota inatoka na pembe nne. Nikatupa. Nikakata nyingine, nikatupa. Mwishoni nikabana kila karatasi kwa selotepu pande zote, ikakubali, japo kwa shingo upande.

Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuja kukesha nami. Akainua kibendera kimoja kwenye taa.

"Shoga, nyota zako zimelewa."

"Nyamaza, pitisha uzi."

"Napitisha. Lakini hii imeanguka chali kabisa."

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia.

"Yu hai," shemeji akasema. "Unanisikia? Yu hai. Ila mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Wameukata chini ya kiwiko."

Mashine ilikuwa katikati ya nyota. Nilipapasa nisipaone pa kuizimia, nikaiacha imalize.

Mwalimu mkuu alikuja saa mbili kamili. "Mwaka huu vimepinda kidogo, mama," akasema. Kisha akanitazama usoni. "Watoto hawataona."

Wiki ya tano shemeji akapiga tena. Nukta ameruhusiwa kutoka hospitali, na jeshi limemalizana naye.

"Anauliza kama anaweza kuja kwako."

"Anauliza nini? Hapa si kwao?"

"Anasema ulimwambia."

"Mwambie aje."

"Nimeshamwambia. Hajasema lini."

Fundi cherehani alinishauri nitundike mlangoni vibendera vilivyobaki, maana anayerudi ni shujaa. Nikavitundika, vile vya pembe nne na vile vya kuanguka chali. Nikarudi nyuma nikavitazama. Halafu nikapanda stuli nikavitoa vyote, nikavitia kwenye mfuko wa taka. Bendera ndiyo iliyomchukua kwangu. Sikutaka iwe ya kwanza kumpokea.

Siku tatu sikutoka hata kwenda dukani. Alhamisi jioni nikasikia gari la shemeji, kisha hatua. Zikasimama nje.

"Hodi," akasema.

Mtoto hapigi hodi kwao. Nukta alikuwa akiingia huku anauliza kuna nini jikoni. Nikiitikia karibu, nitakuwa nimekubali kwamba ni mgeni. Nikatoa komeo, nikavuta kwa mikono miwili. Mlango ukagoma. Chini yake niliona kivuli cha miguu yake, kisha kikasogea nyuma.

"Nukta! Umekwama tu. Nimeshatoa komeo."

"Nina begi, mama," akasema. "Sina mkono wa kusukumia."

"Nani kasema usukume? Piga teke kwa chini."

"Hujamwita seremala mpaka leo?"

"Bado."

Akapiga teke. Mlango haukufunguka. Nikavuta, akapiga tena, ukafunguka.