Siku Machage Alipobeba Maji

Karibu na Natta kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Wegesa, na majirani zake walimjua kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kusahau. Ukimkosea angeendelea kukusalimia vizuri tu, huku anakungoja mahali utakapojikwaa.

Aliyemkosea zaidi ya wote alikuwa Machage, mwenyekiti wa kijiji.

Kilikuwa kiangazi cha kwanza baada ya Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kwa mistari, nyumba za nyasi zimebanana. Mchana mmoja Wegesa akitoka kisimani alimwona Machage akipita nyuma ya nyumba ya mama huyo, sigara mdomoni. Alivuta mpaka mwisho, akakitupa kipisi kwenye nyasi kavu, akaenda zake bila kukikanyaga. Wegesa hakuwahi hata kuutua mtungi, paa likashika moto. Ndani alilala bintiye, Gati. Aliingia kwenye moto akamtoa hai, lakini mkono wa kulia wa mtoto uliungua vibaya, na ulipopona vidole vilikuwa vimegandana.

Kwenye mkutano Machage alisimama, akakohoa, akasema, "Wanawake, jifunzeni kuzima majiko. Mama Gati karibu atuchomee kijiji kizima."

"Ni kipisi chako!" Wegesa alipiga kelele. "Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nani mwingine aliniona?"

Watu waliinamisha vichwa. Method, mumewe, alimshika nguo akamnong'oneza, "Kaa chini, mke wangu. Huyu ndiye anayegawa mashamba."

Wegesa akakaa. Lakini kila asubuhi alipomfunga Gati gauni, kwa kuwa mtoto hakuweza tena kufunga mwenyewe, alilitamka jina la Machage moyoni.

Akaingia katika uongozi wa akina mama. Alifagia ofisi ya kijiji, alipika siku za wageni, alimwamkia Machage kwa heshima zote. Mwenyekiti akasema mama yule sasa ameiva kisiasa.

Kiangazi kingine moto ulilamba majani pembeni ya ghala la pamba. Bwana afya, kijana mmoja Mhaya aliyeitwa Telesphory, akaja kutoka wilayani kuhutubia. Wegesa akaomba kusema.

"Tupige marufuku sigara na kiko hapa uwanjani, ghalani na kisimani. Mahali hapo pote ni petu sote. Atakayevunja, abebe maji kwa mtungi, kichwani, ya kujengea zahanati."

Wanaume waliguna. Mwanaume wa Kikurya abebe mtungi kichwani! Lakini bwana afya alikuwa anapiga makofi, na Machage, aliyependa kusifiwa na watu wa wilayani, akanyoosha mkono wa kwanza.

"Sheria nzuri," alisema. "Imepita."

Wa kwanza kuumia alikuwa Waisiko, mama mkwe wa Wegesa mwenyewe. Bibi yule alizoea kukaa uwanjani na wazee wenzake, kiko mdomoni. Wanawake walimkuta anakiwasha.

"Mwanangu, hata mimi?" aliuliza.

"Hata wewe, mama."

Wegesa alimbebea maji yale yeye mwenyewe, kwa maana magoti ya bibi yalikuwa mabovu. Hakumsamehe. Kama angemsamehe mmoja, Machage naye angepata pa kutokea. Tangu siku hiyo Waisiko hakutia tena mguu uwanjani.

Machage alijibana mpaka siku ya kupima pamba. Mavuno yalikuwa makubwa, kelele nyingi, furaha imempanda kichwani. Akasimama kando ya mizani, akatoa sigara, akawasha.

"Moto!" Wegesa alipasua sauti. Wanawake wakamzunguka mwenyekiti kwa vigelegele.

"Nyie, mimi ni mwenyekiti wenu!"

"Ndiyo," alisema Wegesa. "Na mkono wa kwanza ulikuwa wako."

Machage alimtazama bwana afya, aliyekuwa amekuja tena siku hiyo. Telesphory akatazama pembeni.

Mwenyekiti akabeba. Mtungi uliyumba, maji yakamchuruzika mpaka kwenye viatu, watoto wakamfuata wakiimba. Njiani Wegesa alikuwa amesimama na Gati.

"Mama Gati," Machage alisema kwa sauti ya chini, "inatosha sasa."

"Sema nani alichoma nyumba yangu."

Machage aliushikilia mtungi kwa mikono miwili. Kijiji kizima kilikuwa kimewazunguka.

"Ni mimi."

"Wa nyuma hawakusikia."

"Ni mimi! Ni sigara yangu!"

Wegesa alihisi kitu kitamu kikishuka kifuani kama uji wa moto wakati wa njaa. Method alimwambia, "Basi, amekiri, mwachie." Hakumwachia. Alimwonyesha kwa kidole pipa la zahanati, lililokuwa bado nusu, na Machage akarudi kisimani.

Uchaguzi uliofuata hakupata kura za kutosha. Akahamia Tarime kwa wajomba zake, na inasemekana aliacha kabisa kuvuta.

Jioni moja Waisiko, akivuta kiko chake peke yake jikoni, alimuuliza mkwewe, "Ameshaondoka. Sasa moyo umetulia?"

Wegesa alikuwa anapukuchua mahindi. Akatupa gunzi pembeni.

"Bado, mama," alisema. "Angebaki hapa, ningemwona kila siku akipita na aibu yake."