Siku Mama Alipokataa Kuhama Mashuani

Juzi pale Makadara, kando ya Jogoo Road, upepo ulilivimbisha turubai la muuza mitumba likaanza kupiga pa! pa! Watu wakakimbilia nguo zao, mimi nikabaki nimesimama nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Wewe ungenielewa, rafiki yangu. Mlio ule ulikuwa ule ule wa tanga la mashua iliyotupeleka ushago, kijijini kwa nyanya, mzaa baba, kisiwani kule Ziwa Viktoria.

Tulikaa nyumba za reli, chumba kimoja, jiko la makaa mlangoni. Kila Desemba baba ndiye aliyenipeleka kisiwani, na kila Desemba mama alipata kisingizio cha kubaki. Mwaka ule baba, fundi wa reli, alinyimwa likizo, ikambidi mama anipeleke mwenyewe. Haki ya nani, aliogopa! Na hakuogopa maji, aliogopa jina. Kwa kina baba, mke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao: Nyar Alego, Nyar Gem, yaani binti wa Alego, binti wa Gem. Sasa mama alizaliwa Kariokor, mtaa wa mjini Nairobi, na babake alifariki bila kumwonyesha ushago wowote. Ndugu za baba walipokuja mjini walimwita tu "yule wa Nairobi", na wakiondoka mama alisugua sufuria kwa hasira mpaka ukuta ukatikisika.

Basi tukapanda mashua. Tanga lilishonwa kwa magunia ya unga, maandishi ya kampuni bado yakionekana. Harufu ya dagaa wa omena, kuku wamefungwa miguu, wamama wakitaniana kwa sauti. Mama alikalia ubao wa pembeni amevaa rinda lake la kanisani, boksi la mikate magotini, sufuria mpya ya kumpelekea nyanya juu yake. Raha niliyosikia siku ile sijui nikuelezeje.

Wanaosafiri ziwani wanajua: mashua ikigeuka, abiria huhamia upande wa pili ili isilale. Nahodha alipoita, "Hamieni huku!" sote tukaruka. Mama akajishika ubaoni.

"Hapa nimekalia mimi," akasema.

"Mama, hama!" nahodha akafoka.

"Nihame akae nani?"

We! Mashua ikainama, maji yakaingia, boksi la mikate likaelea. Wamama wawili wakamvuta mama kwa nguvu. Alipogundua alichokifanya hakulia wala kuomba radhi. Alikamata ile sufuria mpya akaanza kuteka maji na kuyamwaga nje, akateka mpaka tukafika, viatu vimelowa, nywele zimesimama.

Nyanya alikuwa akitungoja ufukweni. Kabla hata hatujakanyaga mchanga, nahodha alishaanza kumsimulia kisa chote, na kwa vitendo, huku ameng'ang'ania mlingoti wa mashua kama mama na ubao wake. Watu wakavunjika mbavu. Mama alisimama na sufuria yake, nami nilitamani nimfiche mahali.

"Na huko kwenu," nyanya akamuuliza, "mtu haambiwi hama akahama?"

Mama hasira zikampanda. "Kwetu Kariokor, mama, ukiinuka umekipoteza kiti. Hakuna wa kukurudishia."

Nyanya akampokea sufuria, akamshika mkono uliolowa.

"Basi hapa hakuna wa kukuinua, Nyar Kariokor. Twende nyumbani."

Mama ndipo alipolia. Jioni tulikula mkate uliolowa, tukiuanika kipande kipande karibu na moto, na sijawahi kula mkate mtamu hivyo.

Siku hizi boti ni za injini, zinakufikisha kabla hujachoka kuongea. Nyanya ametutoka. Nyumba aliyozaliwa mama imebomolewa, pamejengwa ghorofa, na hata mimi siwezi kukuonyesha mlango ulikuwa wapi. Nayasikitikia hayo, siwezi kukudanganya. Lakini mama yu hai, baba alipostaafu walihamia kisiwani, na huko hakuna anayemjua kwa jina jingine. Safari ya mwisho nilipomtembelea, mtoto wa jirani alinisindikiza ufukweni akaniuliza kama huko Kariokor kwa kina mama kuna ng'ombe wengi. Nikamwambia ni wengi sana.