Tshiela na Bolti ya Tatu

Tshiela Beya ana gereji upande wa Alunguli, karibu na mahali barabara ya Pangi inapoanza kuiacha Kindu. Gereji ni neno kubwa. Ni mabati machache juu ya nguzo, meza iliyotengenezwa kwa mbao za reli, na benchi la wateja. Tshiela ni shangazi yangu, dada mdogo wa baba yangu. Naandika habari zake kwa sababu masimulizi ya vita vyetu yamejaa majina ya makamanda, na mimi nimechoka nao. Makamanda walipita. Waliobaki ni watu waliokuwa wakitengeneza vitu, na hao hakuna anayewauliza majina.

Baba yake, Papa Beya, alitoka Kasai kuja kufanya kazi katika karakana ya reli. Vita vilipofika Kindu, treni zilisimama, na mishahara ikasimama pamoja nazo. Chumvi, sabuni na dawa vikawa vinasafiri kwa baiskeli. Wanaume walisukuma magunia kwa njia za msituni mpaka Kampene, wakarudi na mafuta ya mawese. Papa Beya alichukua vyombo vyake, akavuka mto unaoigawa Kindu kwa mtumbwi, akaanza kutengeneza baiskeli hizo huku Alunguli. Tshiela alikuwa msichana ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Alianza kwa kunyoosha spoki, na baada ya muda wasafiri wakawa wanamtaka yeye.

"Nipe huyu binti," walimwambia Papa Beya. "Wewe mzee unasema sana, na njia iko murefu."

Wakati huo vipuri havikuwepo. Bolti ikikatika ndani ya chuma, ama uitoe bila kuharibu tundu lake, ama chombo kizima kife. Papa Beya alikuwa na maneno yake juu ya hilo. Alisema bolti ni mgeni tu, na mgeni akifia nyumbani kwa mtu, huwezi kubomoa nyumba ya watu ili umtoe.

Amani ilipokuja, baiskeli zikapisha pikipiki, na Tshiela akajifunza pikipiki. Kisha ikaja kwadi.

Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, yenye matairi manene ya kupita kwenye matope. Hii ilikuwa mali ya ushirika wa akina mama wanaopeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya njia ya Pangi. Nyuma huvuta kitoroli chenye masanduku. Barabara yenyewe nisiielezee sana, nitakasirika. Kila uchaguzi tunaahidiwa lami, na kila masika mvua inachimba mifereji ambayo mtoto anaweza kusimama ndani asionekane. Kama dawa zinafika vijijini, zinafika kwa sababu ya watu kama Hamadi, dereva wa kwadi hiyo, mtu wa hapahapa Kindu, mtaratibu, ambaye wakati wa vita alikuwa msukuma baiskeli.

Tatizo lilikuwa bolti zinazoshika injini kwenye fremu. Ya kwanza ilikatika, ikaacha kisiki kilichochomoza nje kidogo. Tshiela akamwita fundi wa kuchomelea, wakaunganisha nati juu ya kisiki, akaizungusha kwa spana, ikatoka. Ya pili nayo ikawa hivyohivyo. Ya tatu ilikatikia ndani kabisa, chini ya uso wa alumini ya injini, mahali ambapo hakuna cha kushika.

Siku hiyo mwenyekiti wa ushirika, Mama Joëlle, alikuja mwenyewe.

"Mama Tshiela, hii ni mara ya tatu," alisema. "Mota njo mubaya, ao dereva njo mubaya?" Njo ni ndiyo yetu ya Kindu, na mota ni injini.

"Acha niitoe kwanza."

"Toa. Lakini ile nyumba ya bolti ikipasuka, mota imekufa, na hatutapata ingine. Na kama ni dereva, uniambie. Vijana wanaoomba huu usukani wamejaa mpaka kwenye mlango wangu."

Hamadi alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, karibu kiasi cha kusikia kila neno. Mama Joëlle alijua hivyo. Hakumtazama.

Tshiela hakuanza kwa kutoboa. Alimwagia bolti mazutu mepesi, yaani dizeli, akaiacha ilowe mpaka kesho yake. Kisha akaazima moto wa gesi wa yule fundi, akapasha alumini kuzunguka tundu, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma na hulegeza mshiko wake. Ilipokuwa ya moto akagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikanyonywa na nyuzi za bolti, ikatokomea ndani. Akagonga alama katikati ya kisiki kwa chuma chenye ncha. Hapo alikawia sana. Alama ikienda kando, tundu litakula alumini.

Alitoboa kwa keekee ya mkono, si ya umeme. Kisha akaingiza kipande cha chuma chenye pembe nne, chembamba mbele na kinene nyuma, alichokuwa amekichonga kutoka springi ya lori. Akakigonga kidogo, akaanza kukizungusha kushoto. Hakikwenda.

"Ongeza nguvu, mama," Hamadi alisema kutoka kwenye benchi.

"Nguvu njo imetufikisha hapa, papa."

Alijua kuwa chuma kile kikikatikia ndani, ni kigumu, keekee haitakitoboa tena. Akakirudisha kulia kidogo, akaongeza mazutu, akapasha moto upya. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Kisha kukasikika mlio mdogo, kama kijiti kikavu, na mimi nikafumba macho nikidhani kile chuma kimevunjika. Nilipofumbua, bolti ilikuwa inapanda taratibu, imepakwa nta.

Hamadi aliinuka kushukuru. Tshiela akamwambia akae.

Aliweka mezani bolti mpya na vipande vya ile iliyokatika, akavilaza sambamba. Hata mimi, ambaye chuoni sikushika spana hata siku moja, niliona. Bolti ya zamani ilikuwa imekonda shingo.

"Hii haikukatwa na barabara," Tshiela alisema. "Hii imevutwa. Unakaza kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Na kila ninaposimama."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ilie."

"Na spana gani?"

Hamadi akaenda kwenye kwadi, akarudi na spana ndefu na kipande cha bomba. Alikuwa akivika bomba kwenye mpini wa spana ili mkono upate nguvu zaidi.

"Papa Hamadi, hii ni ya kufungua lori."

"Najua."

"Sasa njo nini?"

Hamadi akasema habari ambayo sikuwahi kuisikia. Wakati wa vita alisafiri na rafiki yake, Didier. Katikati ya msitu gurudumu la mbele la Didier likalegea, nati ikaanguka njiani. Didier akabaki kuitafuta chini ya majani. Hamadi akatangulia kijijini kuomba nyingine. Alipokuwa akirudi nayo alisikia bunduki, akajificha mpaka kukawa kimya. Baiskeli aliikuta. Didier hakumkuta, siku ile wala baadaye.

"Nati moja, mama. Kama punje ya muhindi. Tangu siku ile mkono wangu hautulii kama sijakaza."

Nilitaka kusema jambo kuhusu waliotuletea vita vile, na bado leo ningelisema. Shangazi alinizuia kwa jicho. Akaisogeza bolti iliyokonda mbele ya Hamadi.

"Mimi siwezi kukuambia usiogope," alisema. "Lakini ukivuta bolti ya ine namna hii, mota itaanguka nawe humohumo msituni. Mama Joëlle nitamwambia bolti imekatika na nimeitoa. Nani aliikata, ayo ni maneno yako."

Bolti zote nne alizibadilisha, kwa sababu zilizobaki nazo zilikuwa zimevutwa. Alikataa zile za sokoni zenye kichwa kitupu, akatafuta zenye nambari ya ugumu kichwani. Alisafisha nyuzi za matundu kwa brashi, akakaza bolti kidogo kidogo, moja na ile inayoikabili. Spana ndefu aliikata kwa msumeno, akabakiza mpini wa urefu wa kiganja, usioingia bomba.

Kisha akaita jirani. Riziki hupaka wanawake kucha kwenye kiti kilicho upande wa pili wa uzio. Akaja na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.

"Nani anaolewa?" aliuliza.

"Kwadi."

Tshiela akachovya brashi ndogo, akachora mstari mwembamba kuanzia kichwa cha kila bolti mpaka kwenye chuma kilicho kando yake. Akamweleza Hamadi. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari utavunjika. Mstari ukiwa mzima, hakuna kilicholegea. Asimame popote anapotaka, mara nyingi anavyotaka, lakini atazame, asikaze.

"Papa Hamadi, leta na mkono nikupake," Riziki alisema. "Mufanane."

"Muke wangu ataniuliza nilikuwa wapi."

"Mwambie ulikuwa gereji. Uone kama ataamini."

Safari iliyofuata nilikwenda na Hamadi, nimekaa kwenye kitoroli juu ya masanduku. Kabla ya kuingia msitu mkubwa alisimama. Akashuka, akatoa ile spana fupi, akaivika kwenye kichwa cha bolti. Akakaa hivyo, mkono umeshika, hasukumi. Kisha akaivua, akaiweka kitini, akainama kufuata mstari kwa kidole. Akazunguka zote nne. Akapanda tena. Tulisimama hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikumlaumu.

Baada ya daraja la magogo ambalo lilitutikisa vibaya, alisimama, akainama, na safari hii hakuinuka.

"Njoo uone."

Mstari wa bolti ya nyuma ulikuwa umevunjika. Nusu ya kichwani ilikuwa imeachana na nusu ya chuma, kiasi cha upana wa uzi. Msitu ulikuwa pande zote mbili. Niliona jasho shingoni mwake. Alivika spana, akazungusha polepole, na ile nusu ya juu ikasogea mpaka ikaikuta nusu ya chini. Mkono wake ulitaka kuendelea, niliuona unavyokakamaa. Akafungua vidole kimoja kimoja, spana ikaanguka kwenye matope.

"Njo basi," alisema. "Imetosha."

Tulifika vituo vyote, tukarudi Alunguli na injini mahali pake. Mama Joëlle alikuwa akitungoja gerejini pamoja na Tshiela. Shangazi hakuwa amemwambia neno, nilijua kwa namna alivyojishughulisha na tairi la mtu.

Hamadi alizima kwadi, akavua kofia.

"Mama Joëlle, uliuliza mota ao dereva," alisema. "Ni dereva. Zile bolti tatu nilizikata mimi na mkono wangu, kwa kukaza kupita kiasi. Nilikuwa naogopa zisianguke njiani. Kama unatoa usukani, utoe, lakini nilitaka usikie kwangu."

Mama Joëlle aliizunguka kwadi, akachuchumaa kando ya injini, akapangusa tope kwa ncha ya kitenge chake. Mistari myekundu ikaonekana.

"Na hii?"

Hamadi akamweleza. Alimweleza vizuri, kama mtu anayefundisha, na alipofika kwenye ile bolti ya nyuma akamwonyesha mahali mstari ulipokuwa umeachana na mahali alipoishia. Mama Joëlle aliuliza kwa nini hakuikaza zaidi, maana msitu bado ulikuwa mbele.

"Ilikuwa imefika."

Mama Joëlle akainuka, akakung'uta kitenge.

"Umwambie Riziki akuuzie kichupa kizima," alisema. "Juma lijalo chanjo zinaenda Kampene, na njia ile inatikisa kuliko hii."