Nilivyokwenda Nakuru Kuinusa Glasi ya Shemeji

Sikwenda Nakuru kutembea. Nilitumwa na baba yangu nikamchunguze shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu Mwanaisha, aliyekuwa mpishi katika mesi ya maofisa wa jeshi. Jirani yetu Bakari, mhudumu katika behewa la chakula la gari moshi, alikuwa amerudi Mombasa na habari iliyomfanya baba asukume sahani yake kando. Alisema aliazimwa kuhudumu huko kambini kwa Athumani siku ya karamu, na kwa macho yake mawili akamwona Athumani amesimama mbele ya Wazungu, glasi ya divai mkononi, akainywa yote, nao wakampigia makofi. Baba akasema hawezi kumwacha binti yake kwa mlevi. Kama ni kweli, nirudi na neno hilo, naye ataidai talaka siku hiyo hiyo. Mwanaisha alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Alinifungia mikate na samaki wa kukaanga, akaniomba nimsalimie baba watoto.

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Gari moshi lilipoondoka Mombasa nilikuwa nimeshamhukumu shemeji, na kilichobaki ni kumkuta tu.

Voi, gari liliposimama kutia maji, Bakari alikuja daraja la tatu akanishika mkono. Alitaka nione kwa nje ya dirisha wanavyokula abiria wa daraja la kwanza. Walikuwa wasafiri wa Kizungu na wake zao, na maofisa wenye vyeo mabegani, kila mmoja na glasi za ukubwa mbalimbali mbele yake, nyingine zina divai nyekundu iliyokolea, utadhani anafungua duka. Niliona nyama ikikatwa na damu ikatoka. Niliona mzee mmoja akipelekewa kizibo cha chupa, akakinusa kwa makini, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nilimuuliza Bakari kizibo kina nini. Akanijibu kwamba hao ndio watu wa shemeji yangu, na kwamba mtu akikaa jikoni kwao siku nyingi hawezi kubaki alivyokuwa. Samaki wa Mwanaisha nilishindwa kumla usiku ule.

Baada ya Nairobi mambo yalibadilika. Hali ya Hatari ilikuwa ingali imeishika nchi, na askari walipanda kukagua vipande, zile karatasi za utambulisho. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mpole, tumeshiriki maji tangu asubuhi. Karatasi yake haikuwaridhisha. Wakamteremsha kwenye kituo kidogo ambacho jina lake sikulishika, na gari likaondoka. Kikapu chake kilibaki kwenye benchi, viazi vitamu vimefunikwa kwa jani la mgomba. Tulikuwa na njaa sote mle ndani, na hakuna aliyekigusa. Tuliteremka Bonde la Ufa, tukapita Naivasha, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kikapu.

Nakuru ilinipokea kwa vumbi na baridi. Nje ya kituo walijaa walowezi kutoka Njoro na Rongai, magari yao yamebeba magunia ya ngano, na askari wenye bunduki wakipita katikati yao. Athumani alikuwa akinisubiri. Alinikumbatia, akaniuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine kwa adabu zake zilezile, na mimi nikawa nimesimama kama gogo. Nilikuwa nimeviona vidole vyake. Ncha zote kumi zilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, rangi ileile niliyoiona kwenye glasi za Voi. Nikasema moyoni, huyu hanywi tu, huyu anaoga.

Nilipaswa kumuuliza palepale. Lakini mtu anayekubebea mzigo wako unamwambiaje kwamba umekuja kumnusa?

Kambini, katika jiko la mesi, nilikaa kesho yake kutwa nikiona maajabu. Kanga wa porini walining'inizwa kwa shingo hadi wakaanza kunuka, na niliposhika pua nikaambiwa bado kidogo, hawajafika. Jibini ilikuwa na ukungu wa kijani. Nikadhani itatupwa, kumbe ndiyo iliyofichwa isije ikaliwa na wasiostahili. Nyama ya ng'ombe ilitiwa kwenye sufuria, na mtu mmoja akaimiminia divai chupa nzima kwa mkono mtulivu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Mtu huyo aliitwa Wanyama, Mkristo kutoka magharibi, mkuu wa wahudumu wa meza. Wakati anamimina, Athumani alimpa mgongo akawa anakata vitunguu. Kisha Wanyama akachota mchuzi kwa kijiko, akaonja, akafikiri.

"Chumvi imepungua," akasema. "Ongeza kidogo tu."

Athumani akaongeza bila kuonja. Nililiona hilo, lakini sikulitia maanani. Mawazo yangu yalikuwa kwenye vile vidole.

Jumapili mchana kulikuwa na karamu. Jenerali mmoja alikuwa akipita kuelekea magharibi, na Kanali, mkuu wa kambi, alimwalika pamoja na walowezi wa karibu. Athumani alinipa nafasi nyuma ya kidirisha cha kupitishia sahani, akaniambia nitazame mpaka nishibe. Walikula muda mrefu. Sahani zilirudi zimejaa nusu, na mimi nikakikumbuka kile kikapu cha viazi. Divai ilizunguka meza, nyeupe kwa samaki, nyekundu kwa nyama, ya mwisho nzito na tamu, na nyuso zikazidi kuwa nyekundu. Kanali peke yake alikuwa na jagi lake dogo la kioo, akijimiminia mwenyewe.

Walipokwisha kula, Kanali akagonga meza. Wanyama akaja jikoni akasema, "Wanakuita." Nilimwona Athumani akivua aproni na kufuta mikono. Hapo ndipo nilipoielewa ile habari ya Bakari. Ilikuwa desturi ya mesi ile kwamba karamu ikifana mpishi huitwa ndani, akapewa glasi, akainywa mbele ya wageni wote wakiwa kimya. Akikataa, amewatukana.

Jenerali alisimama kabla ya mtu yeyote. Alishika chupa yake mwenyewe, akajaza glasi na kumnyooshea Athumani, akisema jambo lililowachekesha wenzake. Athumani hakuipokea. Mikono yake ilibaki ubavuni. Nilimwona Wanyama akiinamisha kichwa, na kicheko kikafa mezani. Nilifahamu kwamba nikipumua kwa nguvu watanisikia.

Kanali akasema maneno machache kwa Jenerali, kisha akachukua jagi lake dogo na kujaza glasi nyingine.

"Mpishi," akasema kwa Kiswahili cha walowezi, "wewe kunywa hii yangu. Leo heshima natoka kwa mimi."

Athumani akaipokea. Ilikuwa nyekundu nzito, inameta. Akasema bismillahi kwa sauti niliyoisikia nilipokuwa, akainywa yote mpaka chini. Makofi yakapigwa.

Ulevi ningeuelewa, watu wengi wamepotea. Lakini kuanza ulevi kwa bismillahi? Nilikwenda kuchukua mkoba wangu, nikamwona Mwanaisha wazi, mtoto mgongoni, akipewa habari hiyo na mdomo wangu. Nilikuwa nimeshafika mlango wa nyuma Wanyama aliponizuia. Alikuwa na lile jagi dogo mkononi, limebaki kidogo.

"Wewe nakwenda wapi na kazi haijaisha?" akaniuliza. "Si ulikuja kuangalia hii? Shika. Onja."

Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema analijua hilo, ndiyo maana ananipa. Nikalinusa lile jagi. Nikalinusa tena, upande huu na upande ule, kama yule mzee na kizibo chake. Halikuwa na harufu ya ulevi. Nikatia kidole nikagusa ulimi. Ilikuwa sharubati.

Wanyama akanionyesha mifursadi miwili nyuma ya jiko, matunda yake meusi yameanguka chini na kuchafua udongo. Kila msimu Athumani huyachuma kwa mikono yake, na yeye Wanyama huyachemsha na sukari. "Kanali tumbo yake ni mgonjwa," akasema kwa sauti ya chini. "Daktari alimkataza pombe kabisa. Lakini ofisa akikaa hapa bila glasi, wenzake watamcheka. Basi mimi najaza hiyo jagi, anakunywa yeye, na shemeji yako anakunywa hapohapo. Tulikuwa watu watatu tunajua. Sasa na wewe."

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Athumani alipoingia akaniona na jagi na mkoba, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Shemeji," akasema, "hiyo divai ya kwenye sufuria simimini wala sionji, na bado kila siku naomba Mungu anisamehe kwa kuipakua. Hilo nihukumu ukitaka. Lakini hili lingine ungeniuliza tu. Tumelala chumba kimoja."

Aliniacha na aibu yangu akaenda kuosha sufuria, na jioni akanitengea wali na kuku aliowapika mbali na jiko lile.

Siku ya kurudi alinipa sharubati ya Mwanaisha. Aliifunga vizuri kwa gazeti, na mimi nikaipakata kwa furaha, maana ulikuwa ushahidi wangu mbele ya baba. Wala sikufikiri imetiwa kwenye nini. Jiko lile lilikuwa na chupa za aina moja tu.

Njiani kizibo kilivuja. Gazeti likalowa, likachanika kidogo kidogo, na mimi nimelala nimeikumbatia. Gari lilipofika Mombasa niliteremka na chupa ya divai mkononi, karatasi yake ya Kizungu na picha ya zabibu juu yake, kanzu yangu ina doa jekundu kifuani. Bakari alikuwa amesimama jukwaani na wenzake. Hakunisalimu. Aliitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea mtaani kwetu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshakaa sebuleni ikinisubiri. Baba alikuwa amesimama, majirani wamejaa barazani. Mama alijifunika uso kwa kanga. Nilianza kueleza, mifursadi, tumbo la Kanali, jagi dogo, na kadiri nilivyozidi kusema ndivyo nilivyosikika kama mlevi hasa. Baba aliniuliza kama Athumani ndiye aliyenifundisha, na macho yake yalikuwa na machozi. Katika maisha yangu sijawahi kusema kweli ikanikataa namna ile.

Mwanaisha akatoka jikoni. Akaniuliza jambo moja tu.

"Hii kanipa yeye?"

Nikasema ndiyo, ni yake.

Akaichukua chupa mkononi mwangu, akang'oa kizibo kwa meno, akamimina kikombe kikajaa. Akasema bismillahi, akanywa mbele ya baba na mtaa mzima, hadi chini, kisha akamnywesha mtoto kilichobaki chupani.

Hakunusa kwanza.